Mwaka wa Kungoja Jibu la Leonsi

Wasifu wa Leonsi ulisomwa na mpwa wake, kijana mwenye suti iliyombana mabegani, na ulikuwa mrefu kuliko mahubiri ya padri. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akapandishwa cheo, akasafiri. Zilitajwa semina, ikatajwa Afrika Kusini, zikatajwa kamati zote za parokia alizowahi kuzitumikia. Mimi nilikaa upande wa wanawake chini ya turubai, hapo kwao mlimani juu ya Bigwa, kiti cha plastiki kikizama matopeni kila nikijigeuza, nikingoja kijana afike kwenye mwaka ule. Hakufika. Alisema tu kwamba mwaka huo marehemu alimpoteza mama yake mpendwa, akafunua karatasi nyingine. Nikamtazama Blandina, dada yake marehemu, ambaye siku hizi anatembelea fimbo na haoni vizuri. Nikakuta naye amegeuza uso upande wangu. Nimerudi nyumbani na hasira ambayo siijui ni ya nani. Leonsi nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja na sina haja ya kumwaibisha akiwa kaburini, lakini nimechoka na hii tabia yetu ya kumzika mtu na vyeo vyake vyote, halafu ule mwaka mmoja uliomfanya awe alivyokuwa tukaupita kimyakimya. Mwaka ule mimi nilikuwepo. Nilikuwa ndani ya chumba chenyewe. Basi nitausema mimi.

Chumba kilikuwa mjini, Mwembesongo, uani kwa Bi Mwajuma, mahali palipokuwa zamani stoo ya mitumba, na harufu ya dawa ya mitumba haikuwahi kutoka kwenye zile kuta. Palikuwa na meza mbili, feni iliyokuwa ikilalamika mchana kutwa, simu ya mezani iliyofungwa kufuli, na sakafuni, juu ya matofali ili maji ya mvua yasiifikie, kompyuta kubwa ambayo Leonsi aliiita seva. Huo ulikuwa wakati ambao viwanda vya mjini vilishauzwa au vilishafungwa, na wanaume waliokuwa wakiamshwa na king'ora cha kiwandani walikuwa wanauza karanga na kubishana juu ya maneno mapya ya redioni, soko huria na ubinafsishaji, kama vile ni majina ya wachezaji mpira. Wafadhili nao walikuja na lugha yao. Waliwasaidia wakulima wa mboga wa milimani kuanzisha chama, wakakipa chama kompyuta, wakasema mkulima wa Uluguru sasa ataijua bei ya kabichi ya Kariakoo kabla dalali hajamfikia shambani. Mimi nilikuwa msichana wa kutoka Kisaki, nina cheti cha kupiga chapa na gauni mbili za kwendea kazini, nikaajiriwa kuwaandikia wakulima barua pepe. Bi Mwajuma akanipa chumba cha kulala upande wa pili wa ua huohuo. Leonsi ndiye aliyekuwa fundi. Mfumo wa ile seva ulikuwa Linux, kitu cha bure ambacho alijifunza peke yake kwenye kitabu kilichopoteza jalada. Asubuhi, mchana na jioni modemu, kile kifaa cha kuiunganisha seva na simu, ilipiga simu Dar es Salaam, ikalia kama paka wawili wanaogombana, ikapeleka barua tulizoandika, ikaleta zilizokuja, ikakata.

Bei ya kabichi waliiuliza msimu mmoja tu, wakaacha, maana dalali alifika vilevile na bei ilikuwa vilevile. Walichokitaka watu wa milimani ni kuwaandikia watoto wao waliotawanyika. Hakuna aliyekuwa na anwani yake mwenyewe. Anwani ilikuwa moja, ya chama, na kila barua, iwe ya mzee wa Mgeta au ya mjane wa Kinole, ilitoka kwa jina hilo moja. Mtu aliingia, akatua tenga lake mlangoni, akakaa kwenye benchi, akasema na mimi nikaandika. Nilijifunza upesi kwamba barua ya huko juu haina haraka. Inaanza na shikamoo au marahaba, inafuata natumaini hujambo, sisi huku hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali. Kisha zinakuja salamu za watu, mmoja mmoja kwa jina, mjomba, shangazi, jirani wa ng'ambo ya kijito, mtoto aliyezaliwa juzi ambaye hajui hata kulia vizuri. Habari yenyewe inakuja chini kabisa, na ikiwa ni habari mbaya inakuja chini zaidi, imefunikwa, kama mtu anayekohoa kabla ya kuingia. Nilimwambia Blandina siku moja kwamba simu inalipiwa kwa dakika, tungeanza na jambo lenyewe. Alinitazama kwa huruma. Akaniambia mgeni humrushii jambo akiwa mlangoni, unamkaribisha kwanza, anakaa, anapumua, ndipo unamweleza. Leonsi aliyasikia haya kutoka mezani kwake akacheka. Yeye barua zake zilikuwa mstari mmoja, hazina salamu, hazina hata jina la kumalizia.

Halafu zikaanza kuja takataka. Barua za watu tusiowajua, za dawa za kuongeza nguvu za kiume, za wajane wa majenerali wenye mamilioni yaliyofungiwa benki wanaotafuta mtu mwaminifu wa kuwasaidia. Zilikuja nyingi kuliko barua zetu, zikaijaza ile laini ya simu, wakulima wakawa wanangoja kwenye benchi modemu imalize kupokea upuuzi. Meneja wa chama alikuja juu. Leonsi akaingia kwenye kile kitabu chake, akatoka na kichujio. Alinieleza mchana mmoja tukiwa tunakula ugali na mlenda aliotuletea Bi Mwajuma, maana Bi Mwajuma hakuamini kwamba mtu anayekaa kutwa mbele ya kioo cha kompyuta anaweza kukumbuka kula. Alisema kichujio hiki si kama cha chai, ambacho matundu yake yametobolewa kiwandani. Hiki kinajitoboa chenyewe. Unakiwekea mafungu mawili, la barua zinazotakiwa na la zisizotakiwa. Chenyewe kinahesabu maneno ya kila fungu, kisha barua mpya ikija kinaipima kwa maneno yake na kuamua ni ya fungu lipi. Hukifundishi ubaya ni nini, unakionyesha tu unachokitupa. Niliona ni jambo zuri sana. Hadi leo naliona zuri, ndiyo maana linaniuma.

Mwanzoni mwa mwaka ule Leonsi alipata kazi Dar, kwenye moja ya yale makampuni mapya ya simu. Kabla hajaondoka mlima mzima ulishajua. Barua zikaanza, na zote zilipita mikononi mwangu: mwana wa shangazi anaomba ada, binamu anaezeka, mtu wa ukoo anaoza binti, mwingine mbolea imepanda tangu serikali ijitoe na yeye ana watoto. Nilizipiga chapa kwenye meza yangu, zikaibuka kwenye meza yake, hatua chache kutoka kwangu, na zote zilianza na shikamoo au marahaba, natumaini hujambo, hofu ni kwako. Leonsi hakuwa mtu mchoyo, nisieleweke vibaya. Alikuwa mtu aliyeelemewa. Alikuwa akivuta pumzi, anasoma mistari miwili ya juu ya barua, anaitupa kwenye fungu la takataka. Siku moja aligeuka akaniuliza hawa na wale wajane wa majenerali wanatofautiana nini. Nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Nikamuuliza, na Blandina je, naye si anaandikia hapahapa, kwa anwani hiihii? Akasema dada yake atamjua tu, hata kwa mstari mmoja. Hakufikiri kwamba atakayekuwa anaangalia si yeye.

Siku ya kumuaga tulipanda kwao. Chumba cha mbele kilikuwa na sakafu ya udongo iliyosilibwa vizuri, picha ya Moyo Mtakatifu, na kabati la vyombo ambavyo havikutumiwa ila siku kama hiyo. Tulikula magimbi ya kuchemsha na kuku, tukanywa togwa. Mama yao, ambaye wote tulimwita Mama Blandina, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wainame kumsikiliza. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akanishika mkono akaniuliza kama ni mimi ndiye ninayeyabeba maneno yao. Leonsi akawaeleza alivyotengeneza. Waendelee kumwandikia kwa anwani yake ya zamani ya Mwembesongo. Seva ikipata barua yake itaielekeza yenyewe huko aliko, awe Dar awe ng'ambo, itamfuata kama kivuli. Hilo lilikuwa kweli. Kile ambacho hakuwaeleza, kwa sababu hakikuwa cha kuwaeleza wazee siku ya sherehe, ni kwamba kabla ya kuelekezwa barua itapita kwanza kwenye kichujio, na itakayokataliwa itabaki kwenye kabrasha lake, na nywila, neno la siri la kulifungulia, anaondoka nayo. Alifika Dar, na muda si mrefu kampuni ikampeleka Afrika Kusini kwenye mafunzo ya miezi kadhaa.

Masika yalipoanza Mama Blandina alijikwaa kwenye kisiki shambani. Kidole cha mguu kikachubuka, akakifunga kitambaa, akaendelea kupalilia njegere. Hakujua kwamba ana kisukari. Nani huko juu alikuwa anajua? Walipomteremsha kwa machela hadi barabarani mguu ulishavimba na vidole viwili vimekuwa vyeusi. Hospitalini daktari alisema lazima ukatwe chini ya goti, na usikawizwe. Mama akakataa. Alikuja kaka yake, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno, akamsihi, akakataa. Alikuja padri, akakataa. Nilikuwepo, nimeshika kikombe cha uji, alipomwambia Blandina kwa ile sauti yake ya chini, "Leonsi amesoma, anayajua mambo ya hawa watu. Akisema nikatwe, nitakatwa. Asiposema, niacheni na mguu wangu." Hapakuwa na ukali ndani yake. Alisema kama mtu anayepanga kazi ya kesho, akaomba uji.

Blandina alikuja chumbani kutoka wodini, hajala, kanga imelowa. Nilidhani safari hii ataanza na jambo. Alikaa kwenye benchi, akafumba macho, akaanza. Mdogo wangu mpendwa, marahaba. Natumaini hujambo. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako. Akamsalimia kwa niaba ya mjomba, ya watoto, ya majirani, ya katekista. Akamweleza kwamba mvua ni nzuri na njegere zimechanua. Chini kabisa akasema mama anaumwa kidogo, yuko hospitali, madaktari wanataka kumkata mguu na yeye anangoja neno lako, akatwe au asikatwe, utujibu. Nikaandika kila kitu alivyosema. Nikabonyeza, nikafungua kumbukumbu za mashine kama Leonsi alivyonifundisha, nikaona imepokelewa kwenye sanduku lake bila hitilafu. Barua isiyofika ilikuwa inarudi na maelezo, hii haikurudi. Nikamwambia Blandina imefika. Akashukuru, akarudi wodini kumwambia mama yake kwamba Leonsi ameshapata habari, asubuhi atajibu.

Asubuhi haikuwa na kitu, na jioni haikuwa na kitu. Modemu ilipolia nilisimama karibu nayo kama mtu anayengoja basi. Blandina alikuwa anapitia kila siku akitoka kumpelekea mama chakula, anachungulia mlangoni, anautazama uso wangu, anaondoka. Nilimwomba meneja ufunguo wa kufuli la simu, nikapiga kule kampuni kwake. Msichana mwenye sauti nzuri akaniambia bwana Leonsi yuko nje ya nchi kwa mafunzo, na njia ya uhakika ya kumpata ni barua pepe, nina anwani yake? Nikasema ninayo, ileile ya Mwembesongo.

Tukaandika tena. Hapa ndipo roho inaponitoka nikikumbuka. Blandina alikaa usiku akifikiri, akaja na jibu kwamba mdogo wake ameudhika. Labda barua ya kwanza ilikuwa na mkato, labda salamu hazikutosha, mtu yuko ugenini peke yake anaandikiwa kama karani. Basi barua ya pili akairefusha. Aliwataja watu ambao sikuwahi kuwasikia, aliyataja mabonde, alimsalimia kwa niaba ya marehemu baba yao. Ya tatu ikawa ndefu zaidi. Mle ndani ya seva, kitu kilichofundishwa kwamba mtu akisema natumaini hujambo, hofu ni kwako, ni takataka, kilikuwa kinazipima barua zake, na kila aliponyenyekea zaidi ndivyo kilivyozidi kuwa na hakika. Hilo sikulijua. Mashine ilinionyesha zimepokelewa, nikasema zimefika. Kuna watu walioniambia baadaye kwamba ningepaswa kujua. Siwajibu. Waliosema hivyo hawakuwahi kugusa hata kibodi.

Wodi ilikuwa na vitanda vilivyobanana na madirisha yaliyotazama mlima. Mama Blandina alitaka alazwe akiuelekea mlima, wauguzi wakamgeuza. Harufu ya ule mguu ilikuwa imeanza kujaza chumba, na wagonjwa wa jirani, watu waungwana, walijitia hawaisikii, wakawa wanazungumza juu ya bei ya sukari. Nilikuwa nampelekea chai ya mchaichai kwenye chupa. Nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia mjomba akimwambia Blandina kwamba ni wazi sasa, barua amepata, amesoma, ameuchuna, kajitia hakusikia. Amepata kazi, ametusahau. Nikamsikia Blandina, ambaye alimlea Leonsi mgongoni, akisema polepole kwamba yeye pia ameanza kuona hivyo. Kulikuwa na mazungumzo ya kumtuma mtu Dar akakae mlangoni kwa ile kampuni mpaka Leonsi apatikane, yakafa palepale. Unamtuma mtu kumtafuta aliyepotea. Aliyesikia akanyamaza unamtumia nani? Basi wakabaki na uchungu wao, na mama akabaki na mguu wake, na daktari akawa anapita asubuhi, anafunua shuka, anafunika.

Siku moja Blandina alikuja akafunga mlango nyuma yake. Hakukaa. Aliniambia, "Zena, iandike wewe. Andika kama yeye." Nilielewa mara moja. Sikusita na sijutii hadi leo. Kama kuna dhambi pale niandikiwe. Tuliitunga pamoja kwa hofu, nikaichapisha kwenye karatasi ili ionekane ni ya kweli, na kwa kuwa tulitaka ikubalike, tukaipamba. Mama mpendwa, shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri. Mimi huku sijambo, hofu ni kwako. Nisalimie dada, nisalimie mjomba, nisalimie watoto. Kisha, kwa heshima zote, tukamwomba akubali kukatwa mguu. Tukaenda wodini. Mama aliketishwa, Blandina akamshika bega, mimi nikasoma. Alisikiliza amefumba macho na kwa kitambo nilidhani tumefaulu, maana uso wake ulilegea. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaipapasa ingawa hakujua kusoma, akairudisha kwangu taratibu.

"Leonsi hajui kusalimia hivi," akasema. "Tangu mdogo. Mmeniandikia nyinyi."

Hakutugombeza. Alimpangusa Blandina machozi kwa ncha ya shuka, akatuambia tusihangaike, mtoto ana kazi, atajibu akipata nafasi. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Sisi wote tulishamhukumu Leonsi, na yeye peke yake, anayeoza, ndiye aliyekuwa bado anamtetea. Tangu siku ile nilikwenda kazini kama mtu anayekwenda msibani. Nilizichukia salamu za watu, niliichukia modemu, nilimchukia Leonsi kwa chuki ambayo sijawahi kumpa mtu mwingine. Bi Mwajuma aliniletea chakula nikakiacha kipoe. Mama Blandina alifariki wiki ya Pasaka, asubuhi, Blandina akiwa kwenye foleni ya kuchota maji ya kumwogeshea.

Ndipo sasa walipomtuma mtu. Msiba hauna kiburi. Binamu alikwenda Dar akakaa kwenye ngazi za ile kampuni mpaka wakapiga simu Afrika Kusini, na Leonsi akaja, lakini alikuta kaburi limeshafunikwa na mvua imeanza kulididimiza. Mjomba hakumpa mkono. Blandina alimpikia, akamtengea, akatoka nje. Alikaa siku za matanga kama mgeni asiyejulikana amekuja na nani. Walipoanua matanga akateremka mjini, akaja chumbani, hakunisalimia, nami sikumsalimia. Akaniuliza kwa nini hatukumwandikia. Nilimpigia kelele. Nilimwambia tumemwandikia mpaka vidole vikafa ganzi, kwamba mashine ilisema zimefika, aache unafiki. Akaniangalia kama mtu aliyepigwa kofi, akavuta kiti, akaingiza nywila, akafungua kabrasha.

Zilikuwa zote humo. Zilipangana moja chini ya nyingine, wajane wa majenerali, dawa za nguvu, Blandina, dawa, Blandina, mjane, Blandina. Kioo kilikuwa kinaonyesha mstari wa kwanza tu wa kila barua, na mstari wa kwanza wa kila barua ya dada yake ulisema natumaini hujambo. Hazikuwa zimekwenda Dar. Hazikuwa zimekwenda Afrika Kusini. Nilizipiga chapa kwenye meza ile, zikaingia kwenye seva iliyokuwa juu ya matofali, hapo hapo miguuni petu, zikakaa, na sisi tukawa tunapanda na kushuka barabara ya hospitali tukisema ameuchuna. Leonsi alizisoma zote hadi mwisho. Sikumwona akilia. Aliweka viganja juu ya meza, vyote viwili, kama mtu anayeizuia meza isiondoke. Nikamwambia pole, neno ambalo nilikuwa nimemnyima tangu afike.

Kichujio kina njia ya kukikanya. Unachukua barua iliyoonewa, unakiambia hii si takataka, jifunze upya, nacho kinaitoa na kuipeleka ilikotakiwa kwenda. Leonsi alifanya hivyo kwa kila barua ya nyumbani. Aliwatoa wote, hata yule wa ada, hata yule wa mbolea. Tukangoja zamu ya modemu. Ililia, ikashika laini, na barua za Blandina zikatoka Mwembesongo kwenda Afrika Kusini. Leonsi akanyanyuka, akaniaga kwa kichwa, akaenda stendi arudi kwenye mafunzo yake.

Nilidhani ndiyo mwisho. Lakini baada ya muda, asubuhi moja, modemu ilipomaliza kulia niliona imeingia barua kwenye anwani ya chama kutoka kwake. Nilitegemea ule mstari wake mmoja. Ilikuwa ndefu, ikabidi niishushe kwenye kioo. Nikaichapisha bila kuisoma yote, na Blandina alipokuja siku ya soko nikamwambia kuna barua ya Leonsi. Alitua tenga la kabichi mlangoni. Akakaa kwenye benchi. Nikamsomea.

Mama tulishamzika, lakini barua ilisema mama mpendwa, shikamoo. Natumaini hujambo, mimi huku sijambo, hofu ni kwako. Nisalimie dada Blandina aliyenilea, nisalimie watoto wake. Aliwataja kwa majina, wote. Alimsalimia mjomba, alimsalimia katekista, aliwasalimia majirani wa ng'ambo ya kijito, aliulizia njegere. Aliandika kwamba huko aliko ni baridi na watu wake si wabaya. Chini kabisa akasema barua zenu nimezipata, nisameheni kwa kuchelewa kujibu. Kuhusu mguu, mama, kubali ukatwe. Nakuja.

Nje watu wa soko walikuwa wanapita, mtu mmoja akauliza bei ya zile kabichi mlangoni na hakuna aliyemjibu. Nilidhani ataniambia niichane. Aliniomba niisome tena kuanzia mwanzo, polepole, na nisiruke salamu ya mtu yeyote. Nikasoma.